Rufaa Tatu za Mtu Mwenye Adabu

Mimi si mtu wa kijicho. Naliweka hilo mbele kabisa, kabla hujasikia ya mitaani, kwa sababu majirani zangu wakianza kukusimulia habari za baiskeli ya Sudi Mbwera watakutajia na jina langu, Kombo, na watabinua midomo. Nilimwonea wivu, sikatai. Lakini kijicho ni tabia, na wivu ni maradhi ya kupita, kama mafua. Yangu yalikuwa mafua tu, ila yalikaa miezi minne.

Nchi yetu inaitwa Uzimani, na ni nchi nzuri. Mgeni akishuka uwanja wa ndege anakutana na ukuta ulioandikwa kwa rangi ya dhahabu: KATIKA KILA WATU ELFU MOJA, MIA TISA TISINI NA TISA HAWAJAMBO. Yule mmoja aliyebaki bado anachunguzwa. Wageni hupiga picha mbele ya ukuta huo, wakarudi kwao wakaulizana kwa nini wao wana wagonjwa wengi hivyo.

Zamani, nchi ilipokuwa bado changa, mambo hayakuwa hivi. Mtu akiumia alikwenda kwa daktari, daktari akamwandikia cheti, na kwa cheti hicho Serikali ikampa haki yake. Ilikuwa njia ya hatari sana. Daktari akimwona mtu hana mguu alikuwa anaandika kwamba hana mguu, hivihivi, bila kuifikiria nchi. Ndipo alipotokea Mheshimiwa Jaji Shangama, Mwenyekiti wa Baraza la Rufaa za Wasiojiweza, mzee mwenye mvi na sauti ya taratibu, akatuokoa kwa ugunduzi wake.

"Ndugu wananchi," alituambia uwanjani, "mtu akiapishwa hudanganya, kwa kuwa kiapo chenyewe kinamkumbusha kwamba kuna kitu cha kudanganya. Lakini mtu akisalimiwa husema kweli, kwa kuwa hajajiandaa. Kuanzia leo, ushahidi mkuu wa hali ya mtu ni jibu lake la salamu. Tukimuuliza hujambo, naye akasema sijambo, maana yake hana jambo, na mtu asiye na jambo ana rufaa ya nini? Nani anamjua mtu kuliko mtu mwenyewe?"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Na mimi nilipiga. Wakati huo nilikuwa nasimama.

*

Kazi yangu ilikuwa ukwezi. Nilikuwa mkwezi wa minazi ya Serikali, ile iliyopandwa kuizunguka Wizara ya Uzima. Mwaka mmoja, katikati ya hotuba yake juu ya afya bora, Waziri alishikwa na kiu, nikaambiwa nipande. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na gome lilikuwa linateleza. Madafu yalifika chini salama, Waziri akanywa mawili na kuendelea na hotuba. Mimi nilifika chini kabla ya madafu. Ripoti ya Wizara, ambayo ninayo hadi leo, inasema: "Mkwezi aliteremka kwa kasi isiyo ya kawaida, tena bila kibali." Tangu siku hiyo, kuanzia kiunoni kwenda chini, sina habari.

Kwa sheria za Uzimani, mtu wa namna yangu anastahili fadhila ya taifa, nayo ni baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono. Ina rangi ya kijani, kiti cha sponji, kengele mkononi, tena kuna kisanduku cha kubebea mizigo nyuma, kimeandikwa FADHILA kwa herufi kubwa ili mtu asije akadhani alijinunulia mwenyewe.

Niliitaka baiskeli hiyo kwa ajili ya Zuwena. Zuwena ni mke wangu, mwanamke mfupi, na mimi ni mtu mrefu. Alikuwa ananibeba mgongoni kwenda chooni, ananibeba kwenda barazani, na siku ya Ijumaa ananibeba mpaka mlango wa msikiti, waungwana wakajifanya wanatafuta viatu vyao. Miguu yangu ilikuwa inaburuta vumbi nyuma yake. Mwaka wa kwanza alinibeba akiimba. Mwaka wa pili aliacha kuimba. Baadaye nikaona kwamba akiinama kuwasha jiko, kuinuka kunamchukua muda, na mkono mmoja haubanduki kiunoni. Nikafahamu kwamba mgongo ule una siku zake: ama baiskeli ije kwanza, ama mgongo uishe kwanza.

Ombi langu la kwanza lilikataliwa dirishani, karani aliponiuliza hali nikasema njema. Nikakata rufaa.

*

Watu wabaya husema kwamba Baraza la Rufaa liko ghorofa ya nne na halina lifti. Huo ni uzushi. Baraza liko chini, lina mteremko wa saruji kwa ajili ya magurudumu, na Zuwena aliupanda vizuri tu akiwa amenibeba. Ndani walikaa watu watatu: Jaji Shangama katikati, daktari mmoja aliyesinzia upande wa kulia, na kushoto mwakilishi wa watu wenye ulemavu, mpwa wake Waziri, ambaye aliwahi kuteguka kifundo cha mguu akicheza mpira.

Zuwena akaniketisha kwenye benchi. Mbele yangu kulikuwa na mzee wa mvi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinilea kwa bakora katika jambo hili, na mdomo ulifunguka wenyewe.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Hujambo, Bwana Kombo?"

"Sijambo, Mheshimiwa."

Kalamu zikaandika. Nikasubiri kesi ianze, kumbe ilikuwa inakwisha. Wakili wa Serikali alisimama akavaa miwani yake.

"Waheshimiwa, mbali na kukiri kwamba hajambo, mwombaji ametamka shikamoo. Wataalamu wa lugha wanatueleza kwamba shikamoo ni nashika miguu. Ashikaye miguu ya mwenziwe ameinama. Aliyeinama ana kiuno. Serikali haina la kuongeza."

"Rufaa imetupwa," alisema Jaji kwa upole. "Kwaheri, Bwana Kombo."

"Kwaheri ya kuonana, Mheshimiwa."

Waliandika na hiyo, kwamba mwombaji ana nguvu za kurudi.

*

Sasa nikueleze habari za Sudi Mbwera, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Sudi alikatwa miguu yote miwili chini ya magoti kwa ugonjwa wa sukari. Kwa hilo nilimhurumia, kama jirani anavyopaswa. Ila Sudi tangu utotoni hajui salamu. Ukimwambia hujambo, anakuuliza umesikia nini. Ukimwambia habari za asubuhi, anakwambia asubuhi umeikuta na wewe. Akina mama mtaani walikuwa wanawapitisha watoto wao njia nyingine wasije wakamwiga.

Huyo ndiye aliyefika mbele ya Baraza wiki tatu baada yangu. Mashahidi walinisimulia.

"Hujambo, Bwana Sudi?"

"Huoni?"

"Habari za nyumbani?"

"Nyumba iko palepale."

"Pole sana kwa maradhi."

"Pole ya nini, ulinikata wewe?"

Inasemekana daktari aliamka. Jaji Shangama akasoma hukumu ambayo sasa inafundishwa vyuoni: "Baraza limemsalimia mwombaji kwa njia zote zinazojulikana na binadamu. Hakuna mahali alipokiri kuwa hajambo. Baraza halina budi kuamini kwamba ana jambo. Rufaa imekubaliwa."

Baiskeli ikaletwa na lori, na tarumbeta juu yake.

Nilikuwa barazani kwangu ilipoteremshwa. Nitasema kweli. Niliitazama ile rangi ya kijani, nikatazama mikono ya Sudi ikishika mahali palipopaswa kushikwa na mikono yangu, nikamwonea wivu mpaka mate yakawa machungu. Sikumwonea wivu wa baiskeli peke yake. Nilimwonea wivu wa ufidhuli. Mama yangu alinichapa miaka saba nijue kusalimia, na mama yake alimwacha akue kama gugu, na sasa tazama nani alilelewa vizuri.

Sudi akawa anapita mbele ya baraza yangu asubuhi, mchana na alasiri. Hasemi kitu. Anapiga kengele tu.

*

Kwa rufaa ya pili nilifanya mazoezi. Zuwena alikaa mbele yangu akijifanya jaji, kanga kichwani mithili ya wigi.

"Hujambo, Bwana Kombo?"

"Sijam... nina jambo."

"Unaona haya, Baba Mize. Sema kama mtu anayedai chenji yake."

"Nina jambo."

"Hapo sawa."

Siku ilipofika sikusema shikamoo. Nilijihisi nimeingia uchi. Jaji akaniuliza hujambo, nami nikajibu kwa sauti, jasho likinitiririka, "Nina jambo, Mheshimiwa." Waheshimiwa wakatazamana. Nikaiona baiskeli yangu, nikaisikia hata kengele yake, tena kubwa kuliko ya Sudi.

Hapo Jaji Shangama akavua miwani. Akaniangalia kwa macho ya mzee aliyezika wengi, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Pole sana, Bwana Kombo."

Tangu nianguke, hakuna mtu wa Serikali aliyewahi kuniambia pole. Ningefanya nini? Mtu akikupa pole, unampa nini wewe uliyelelewa?

"Ahsante, Mheshimiwa. Nimeshapoa."

Kalamu.

"Mwombaji amepoa," alisoma wakili wa Serikali bila hata kusimama. "Tunampongeza."

Zuwena hakuvumilia. "Mheshimiwa, wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa."

"Mama," alisema Jaji, "wahenga hawakuweka muhuri. Rufaa imetupwa. Imebaki moja, na sheria haitoi ya nne."

*

Hapa ndipo mafua yangu yalipopanda kichwani.

Ilianza na maji. Bomba la mtaa liko mbali, na Zuwena alikuwa anarudi na ndoo mbili, moja kichwani, moja mkononi. Siku moja nikamwona anarudi mikono mitupu, anatembea taratibu kama mtu aliyetoka harusini. Nyuma yake alikuja Sudi, na ndoo zote mbili ziko ndani ya FADHILA. Kesho yake ikawa vilevile. Keshokutwa nikasikia kwa masikio yangu.

"Hujambo, Sudi?" aliuliza mke wangu.

"Sijambo, shemeji. Za kwenu?"

Sijambo, shemeji. Sudi Mbwera, ambaye hakumwitikia hata shehe aliyemfungisha ndoa. Miezi minne ya kukaa kwenye sponji ilikuwa imemlainisha. Mtu mwingine angesema fadhila imefanya kazi iliyokusudiwa. Mimi nilichoona ni kwamba ameichukua baiskeli yangu kwa kukosa adabu, na sasa anaichukua adabu yangu pia, anamwonyesha mke wangu.

Alasiri ile akaja mpaka kibarazani, akafunga breki.

"Rufaa yako ya mwisho lini?"

"Jumatano ijayo."

"Panda hii. Mimi nitakaa nyumbani. Shemeji asikubebe tena kwenda huko."

"Unanihurumia?"

"Wewe? Wewe nikuhurumie una nini. Nauhurumia ule mgongo wake."

Alipiga kengele akaondoka, na mimi nikabaki na lile neno. Mtu anayeuhurumia mgongo wa mke wangu ameutazama. Ameutazama akaona anavyoinuka jikoni, kitu ambacho nilidhani nakiona peke yangu. Niliuonea wivu mgongo wa mke wangu, nikaionea wivu huruma ya Sudi, nikaomba karatasi.

Uzimani kuomba haki kunataka picha nne, mihuri mitatu na barua ya shina. Kumsema jirani kunataka karatasi moja tu, inaitwa Fomu ya Raia Mwema, na dirisha lake halifungwi wakati wa chakula. Niliandika: "Mnufaika Sudi Mbwera amesikika akitamka sijambo, mara tatu, mbele ya mwanamke." Nikampa muuza maandazi akanipelekea. Nilijiambia kwamba baiskeli ikirudishwa lazima ipewe anayefuata kwenye foleni, na anayefuata ni nani kama si mimi? Kwa hiyo nilikuwa nafanya hivyo kwa ajili ya Zuwena. Nilijiambia hivyo mara nyingi.

Serikali iliyochukua mwaka mzima kuileta baiskeli ilichukua siku mbili kuiondoa. Safari hii hakukuwa na tarumbeta. Wakamteremsha Sudi wakamweka chini mlangoni pake, na kwa kuwa nchi yetu haina siri kwa raia wake, wakamwachia nakala ya fomu yenye jina langu na sahihi yangu.

Sudi hajui kusoma. Alimwita Zuwena amsomee.

*

Jumatano Zuwena alinibeba bila neno. Alikuwa hajanisemesha tangu Jumatatu, zaidi ya kuniuliza kama nimeshiba. Tulipopita mlangoni kwa Sudi, alikuwa ameketi juu ya gunia.

"Hamjambo?" alisema.

Sikuwahi kumsikia akimwanza mtu kwa salamu. Zuwena alisimama. Mimi nilikuwa nimeufunga mdomo wangu kwa ajili ya Baraza, nikauacha umefungwa. Yeye ndiye aliyejibu kwa niaba yetu.

Njia ni maili mbili. Alipumzika mara tano, mara ya mwisho kwenye mteremko wa saruji. Uani pa Baraza niliiona baiskeli ya kijani. Tarishi alikuwa anaipakia mafaili ya rufaa zilizotupwa ayapeleke stoo, mafaili yamekaa juu ya sponji. Nikayaonea wivu mafaili.

Ndani nilikuwa jiwe.

"Hujambo, Bwana Kombo?"

Kimya.

"Umeamkaje, baba?"

Kimya.

"Pole na safari. Pole na mitihani ya dunia. Mtoto wako Mize, tumesikia amejifungua salama huko alikoolewa, hongera sana."

Hiyo ilinichoma, maana mjukuu nampenda, lakini niliuma ulimi. Wakili wa Serikali alikuwa amekaa mikono mitupu. Daktari alikuwa macho. Kimya kikaenda mpaka nikasikia saa ya ukutani, na nikajua, kama mkwezi anavyojua kuti litakaloshika, kwamba nimeshinda.

Jaji Shangama akageuza kichwa taratibu kuelekea ukutani, alikokuwa amesimama Zuwena, jasho likimchuruzika, kiganja kiunoni.

"Na wewe mama," akasema, "hujambo?"

Nilimwangalia. Nilimkonyeza kwa macho yote mawili. Lakini Zuwena ana mama kama mama yangu.

"Sijambo, Mheshimiwa. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mzigo."

"Si mzigo, Mheshimiwa," alisema Zuwena. "Ni mume wangu."

Kalamu zikaandika kwa muda mrefu.

"Baraza limeridhika," alisoma Jaji. "Mwombaji amefika hapa mara tatu, na mara zote tatu amefika kwa miguu. Kwamba miguu hiyo imemwotea mwenzake ni suala la ndoa, na Baraza hili haliingilii ndoa za watu. Miguu yenyewe, ilipoulizwa, imekiri kwamba haijambo. Ilipopewa pole ya mzigo, imesema hakuna mzigo. Rufaa imetupwa. Tunawatakia safari njema."

*

Tulirudi na jua la saa nane. Nilimwomba radhi begani mwake, kwa habari ya Sudi na kwa habari ya mengine, naye hakunijibu, na nilidhani ni hasira. Baada ya maili moja, kwenye karavati, akasimama. Akaniteremsha juu ya ukingo kwa uangalifu kama kawaida yake, akapangusa vumbi miguuni mwangu. Alipotaka kunyooka hakunyooka. Akaenda chini kwa magoti, kisha kwa ubavu, akalala majanini.

"Zuwena."

"Baba Mize," alisema, "sijiwezi."

Alilisema hivihivi, bila kuona haya, neno lile lile lililoandikwa juu ya mlango wa Baraza la Rufaa za Wasiojiweza. Miaka miwili nililitafuta nikashindwa kulitamka mbele ya watu, naye lilimtoka kirahisi mahali ambapo hapakuwa na wa kuliandika. Nikamwonea wivu. Mungu anisamehe, nilimwonea wivu hata yeye, pale alipolala.

Kisha wivu ukaniacha, ghafla. Nilitazama kule tulikotoka na kule tunakokwenda, nikatafuta wa kumwonea wivu, nikakosa. Nikajiachia kutoka ukingoni, nikajiburuta kwa viwiko mpaka alipo, nikaweka kiganja juu ya mgongo wake. Ulikuwa wa moto na ulikuwa unatetemeka. Nyumbani kulikuwa kumebaki maili moja.